Masikio ya Ng'ombe wa Naeku

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Filomena alifungua ofisi ya Umoja wa Wafugaji wa Nyika pale Handeni, akafagia, akapangusa vumbi kwenye kompyuta kwa ncha ya kitenge, akasali kwa kifupi kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akafungua tovuti ya Umoja. Mahali palipokuwa na picha ya ng'ombe wawili na maneno ya kukaribisha wageni alikuta fuvu limevaa miwani ya jua. Chini ya fuvu kulikuwa na maandishi ya lugha asiyoijua. Akasogeza kikombe cha chai mbali na kibodi, akalitazama lile fuvu kwa muda, ndipo akampigia simu Mwalimu Dunstan wa Korogwe.

"Shikamoo mama Pendo," alisema Dunstan.

"Marahaba Mwalimu. Tumeingiliwa."

Kwa umri Dunstan angeweza kuwa kitinda mimba wa kwao Filomena, lakini ndiye aliyemfundisha kompyuta, miaka miwili ya masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa, Old Korogwe, baada ya Filomena kufikisha miaka arobaini na moja na kuona kwamba darasa la saba halikumtosha. Kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa sababu yake.

"Usifute kitu," Dunstan alimwambia. "Nakili kila kilichomo kama kilivyo, halafu uangalie kama kuna kilichoguswa ndani. Hilo fuvu ni uchafu wa ukutani tu. Mtu akikuchorea ukuta, usisimame unatazama ukuta. Nenda kahesabu kuku."

Kuku wenyewe walikuwa ng'ombe. Katika kanzidata ya tovuti ile kulikuwa na ng'ombe elfu sita na mia nne, kila mmoja na mstari wake: rangi, alama za masikio, jina la mwenyewe. Tangu serikali ijitoe kwenye mnada na soko kuachiwa watu binafsi, bwana mifugo wa zamani aliyekuwa akijua masikio ya kila boma hakuwepo tena. Badala yake, kila Jumamosi orodha ilichapwa kutoka kwenye tovuti na kubandikwa getini. Ng'ombe alisomwa sikio, sikio likatafutwa kwenye orodha, na aliyetajwa na orodha ndiye mwenye ng'ombe. Ubishi ulikuwa umepungua sana.

Saa nne aliingia Naeku, mjane wa marehemu Kiseyian, vumbi likiwa limempanda hadi magotini.

"Shikamoo mama," alisema Filomena.

"Marahaba mwanangu. Ng'ombe wangu wamebadilika masikio."

"Wangapi?"

"Wote. Thelathini na wawili."

"Tangu lini?"

"Jana alasiri. Waliinamisha vichwa kunywa maji wakiwa na masikio yao. Walipoinua vichwa, walikuwa na haya mengine."

Filomena aliandika kwenye karatasi: jana, alasiri, kisimani. Kisha akatafuta jina la Naeku kwenye kanzidata. Lilikuwepo. Mbele ya jina palikuwa pameandikwa: mifugo, hakuna.

Miaka mitatu nyuma, Kiseyian alipofariki, ndugu yake Keriako alikuja msibani na fimbo mbili, moja ya kutembelea na moja ya kuswaga ng'ombe. Naeku hakumpa ng'ombe. Alikuja ofisini akaandikishwa kwa jina lake mwenyewe, mwanamke wa kwanza katika orodha ile, na aliyemwandika alikuwa Filomena. Baadaye Keriako alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Umoja. Hakulizungumzia tena jambo lile, na wengi walisema amelisahau.

Mchana Filomena alipanda pikipiki hadi bomani kwa Naeku. Alama ya Kiseyian ilijulikana: sikio la kulia limepasuliwa nchani, la kushoto lina pengo upande wa chini. Ng'ombe waliokuwa mbele yake walikuwa wamekatwa ncha za masikio yote mawili, yakawa mafupi na bapa kama kijiko kilichovunjika. Hapakuwa na damu. Makovu yalikuwa ya zamani, yameota nywele za malaika, kama ya ng'ombe aliyekatwa akiwa ndama. Alama hiyo ilikuwa ya Keriako. Wazee wa nyikani hawakuipenda, maana aliyekata masikio yote mawili alikuwa amekata pia alama yoyote iliyotangulia. Lakini kuipenda alama halikuwa sharti la kuiandikisha.

"Bado wanakujua?" Filomena aliuliza.

Naeku akaita, "Mugie." Jike mwekundu akaacha wenzake, akaja akasimama kando yake.

Filomena akatamani kuliandika na hilo, lakini katika kanzidata hapakuwa na safu ya sauti.

Alirudi ofisini akamkuta mwenyekiti amekaa kwenye kiti cha wageni, amevaa koti juu ya shuka.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Nimesikia kuhusu hao wadukuzi. Jana asubuhi mfanyabiashara mmoja wa Tanga alinipigia kuniambia tuna fuvu. Watu wa ng'ambo wabaya sana."

"Wameugusa mstari wa mama Naeku."

"Ndiyo ubaya wenyewe huo."

"Mwenyekiti, mtu wa ng'ambo anataka nini na ng'ombe wa mama Naeku?"

Keriako alifikiri kwa utulivu. "Labda kwao kuna njaa," akasema, akaondoka.

Jumanne Filomena alipanda basi la asubuhi kwenda Korogwe, nakala ya kanzidata iko kwenye mkoba pamoja na kitabu cha nyimbo. Njiani aliwatazama abiria mmoja mmoja, na aliyelala alimshuku zaidi ya aliyekuwa macho. Kila Ijumaa, akienda nyumbani kwake Kwamndolwa, hapo hapo Korogwe, alikuwa akimwachia Dunstan sidii yenye orodha yote ya wiki ile. Sasa waliweka orodha mbili kwenye kompyuta, ya Ijumaa na ya Jumatatu, na Dunstan akaiamuru mashine izilinganishe mstari kwa mstari. Ilichukua muda wa kunywa chai. Mistari elfu sita mia tatu na sitini na minane ilifanana. Thelathini na miwili haikufanana. Yote ilikuwa ya Naeku, na yote ilikuwa imehamia kwa Keriako.

Kisha Dunstan akafungua kumbukumbu za tovuti, mahali ambapo kila anayeingia huacha nyayo zake. Wa fuvu aliingia Jumamosi usiku, akaweka fuvu, akatoka bila kugusa kitu kingine. Jumapili saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri aliingia mwingine. Huyu hakuvunja. Alitumia kompyuta ya ofisi ya Handeni, akaandika jina la mtumiaji na neno la siri, akabadili mistari thelathini na miwili, akafunga kwa adabu.

Jina la mtumiaji lilikuwa Filomena.

Dunstan aligeuka akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko mwanafunzi anavyostahili kutazamwa.

"Mama Pendo, Jumapili saa tisa tulikuwa mazoezi ya kwaya, hapa hapa. Nisingekusikia kwa masikio yangu ukikosea sauti ya pili, ningekushuku."

"Hata mimi ningejishuku," alisema Filomena.

"Neno lako la siri anajua nani?"

Neno la siri la Filomena lilikuwa neno la kwanza la zaburi aipendayo, na namba ya zaburi hiyo. Alilichagua kwa imani, ili kila afunguapo kazi awe amemtaja Mungu. Na kila Jumatatu, kwenye sala ya wafanyakazi, alisimama akatangaza namba ya zaburi hiyo hiyo, akaisoma kwa sauti kuanzia neno la kwanza, na mwenyekiti akiwepo aliinamisha kichwa na kuitikia amina.

"Ofisi inalisikia," akasema Filomena. "Kila wiki."

"Na ufunguo wa ofisi Jumapili?"

"Wangu ninao mwenyewe. Mwingine anao mwenyekiti."

Dunstan akairudisha mistari thelathini na miwili kama ilivyokuwa Ijumaa. Saa yake ilionyesha saa kumi na dakika tano. Saa kumi na dakika tisa simu ya Filomena ikaita.

"Yamerudi," alisema Naeku. "Sikio la Mugie limerudi na kupe wake."

Usiku ule Filomena alisali kwa shukrani, ila alipofika kwenye kuwaombea wakosaji alijikuta anataja jina moja tu, akaona haya, akaongeza mengine mawili.

Jumatano alipofika Handeni kompyuta ilikataa neno lake. Mwenyekiti alikuwa amewapigia wenye mitambo Dar es Salaam, akawaagiza walibadili kwa ajili ya usalama. Jipya alilijua yeye peke yake. Saa tano Naeku alipiga simu kusema masikio yamekuwa mafupi tena, na safari hii hata ndama aliyezaliwa alfajiri alikuwa nayo. Mchana Filomena alimpelekea Mbwana, karani wa geti la mnada, karatasi zake zote azione kabla ya wengine.

Ijumaa kamati ya Umoja ilikaa, wazee saba na mwenyekiti. Filomena aliwasomea taarifa yake akiwa amesimama. Aliwaonyesha sidii, akawaonyesha mistari, akawaonyesha Jumapili saa tisa na dakika kumi na mbili. Hakumtaja mtu. Wazee walisikiliza vizuri, na mmoja aliomba aonyeshwe tena ile saa.

"Mimi nina swali dogo," alisema mwenyekiti. "Tuna orodha mbili. Moja iko kwenye tovuti, moja iko kwenye hicho kisahani. Tutajuaje ipi imechezewa?"

"Tuwatazame ng'ombe," alisema mzee mmoja.

"Umesema vema, mzee wangu. Ng'ombe hajui kompyuta."

Wakaenda wote bomani kwa Naeku na orodha iliyochapwa. Mwenyekiti alimsalimu kwanza kwa Kimaasai, kama ipasavyo.

"Takwenya."

"Iko," aliitikia Naeku. "Umekuja na fimbo ngapi leo, shemeji?"

"Leo nimekuja na kamati."

Kazi ilifanywa kwa makini. Ng'ombe mmoja mmoja alishikwa, masikio yakapimwa kwa vidole, mzee akasoma kwa sauti, mwingine akaweka alama ya vema. Thelathini na wawili kwa thelathini na wawili, ndama mchanga akiwa bado hajaandikwa. Hakuna hata sikio moja lililotofautiana na tovuti. Naeku alisema kwamba masikio yale yalifika Jumapili, na wazee wakakubali kwamba yalifika Jumapili, kwa kuwa wawili wao walikuwa kisimani na waliona. Lakini yaliyoandikwa yalifanana na yaliyopo, na kamati ilikuwa imetumwa kuangalia hilo. Ikaamuliwa kwamba kanzidata ni nzima na sidii ndiyo yenye kasoro. Ng'ombe wangepelekwa mnadani kesho yake.

Wakati wa kurudi, Mbwana, aliyekuja kushuhudia, alitembea polepole kando ya Filomena.

"Mama, nimesoma masikio miaka thelathini. Wale ni ng'ombe wa Kiseyian, nawajua kwa mwendo."

"Basi sema, mzee wangu."

"Nani kaniuliza mwendo?"

Taarifa ya kamati ilikuwa na mstari mmoja chini: imekaguliwa na kuthibitishwa na. Filomena alikataa kuweka sahihi. Mwenyekiti hakugombana naye. Alikaa kwenye kompyuta, akaiingiza taarifa kwenye tovuti, na penye mstari ule akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, Filomena. Alipomaliza, Filomena alikuta wino kwenye kidole gumba na cha shahada, na mkononi ule uchovu mdogo wa mtu aliyekwisha kutia sahihi. Alikwenda bombani akanawa. Uchovu ukatoka, wino ukabaki.

Jumamosi ng'ombe walipita getini. Naeku alisimama nje ya uzio pamoja na wachuuzi wa vitumbua. Walipofika usawa wake akaita, "Mugie," bila kupaza sauti. Jike mwekundu akatoka kwenye msafara, akaja, akaegemeza kichwa kwenye mti wa uzio upande wa Naeku. Nyuma yake wakaja wengine wote, thelathini na mmoja, na mnada ukasimama. Mbwana alikuja na orodha. Alilishika sikio la Mugie, akalisoma, akaitazama orodha, akalisoma tena. Foleni ilimngoja. Kisha akamgeuza jike kwa upole, akamrudisha kwenye msafara, na wengine wakafuata. Jioni malori yalielekea Segera.

Jumatatu iliyofuata Naeku aliingia ofisini saa nne, akakaa kwenye kiti cha wageni. Fuvu lilikuwa limeondolewa, picha ya ng'ombe wawili imerudi. Mwenyekiti alikuwa amempa Filomena neno jipya la kusomea, lisiloweza kubadili kitu.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," alisema Naeku. "Humo ndani, mimi nimeandikwaje?"

Filomena akatafuta. "Naeku. Mjane wa Kiseyian. Boma, moja. Mifugo, hakuna."

"Basi?"

"Basi, mama."

Naeku aliangalia mlango, kisha akainama karibu na kompyuta, akashusha sauti.

"Funga. Funga taratibu, mwanangu. Wakijua jina langu bado limo, wataniandika kitu kingine."

Filomena akafunga.