Kikapu cha Deša

Bogna alifika kwangu mwezi wa kumi, begi lake likiwa begani. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kwa sababu mtaa wetu wote ni ngazi, kutoka barabara kuu hadi chini ya ukuta wa kaskazini, na wageni karibu wote huja na masanduku ya magurudumu yanayogonga kila ngazi tangu alfajiri.

"Begi hilo litakuvunja mgongo," nilimwambia.

"Heri mgongo wangu kuliko usingizi wako, Shangazi," akajibu, Kipolandi chake akikichanganya na Kikroeshia cha kubahatisha. Lugha zetu ni ndugu. Mtu akisema polepole, mnaelewana.

Nikajisemea moyoni, huyu ama ni mtu mwema ama anataka nimpunguzie kodi.

Mimi ni Jele. Nina duka la vifungo, nyuzi na zipu, chini ya nyumba niliyozaliwa, ndani ya kuta za Dubrovnik. Siku hizi wanaoingia humo huuliza sumaku za kubandika kwenye friji. Nawaambia sina, wanatoka. Chumba cha juu kilikuwa cha marehemu kaka yangu. Nakipangisha kwa mgeni mmoja mmoja, na ndicho kinachonilisha. Milango mingine ya mtaa wetu ina visanduku vya namba vilivyopigiliwa ukutani. Mgeni anabonyeza, anatoa ufunguo, analala siku mbili, anaondoka bila kujua nani alizaliwa kwenye chumba kile. Wenyewe walihamia ng'ambo ya bandari, kwenye maghorofa mapya. Tuliobaki ni mimi, Frano mwokaji mikate, na watawa wachache wazee kule juu kabisa.

Bogna alikuwa muuguzi wa shule, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kabla hajafungua begi aliniuliza, "Nyinyi mnanunua wapi?" Akaanza kununua huko huko: mkate kwa Frano, mboga kwa wanawake wa vijijini wanaotandaza meza zao uwanjani asubuhi. Meli zikishusha watu na barabara kuu ikafurika hadi huwezi kunyoosha mkono, yeye alikuwa amekwisha rudi dukani kwangu, amekaa kwenye kibao, ananisaidia kupanga vifungo.

"Umenunua vifungo vingi kuliko makoti uliyo nayo," nilimtania.

"Basi nitanunua makoti."

Siku moja karibu na saa ya chakula cha mchana aliingia akicheka.

"Yule mama wa pale juu ni mchokozi kweli."

"Mama yupi?"

"Wa ghorofa ya tatu, nyumba ya mbele yetu, yenye chungu cha maua yaliyokauka dirishani. Ananiita kila nikipita. 'Wewe mwenye miguu mizuri, unapanda au unashuka?' Nikisema nashuka, ananiagiza mkate. Ule ulioungua ukingoni, anasema, Frano anaujua. Na samaki wadogo wa chumvi. Kikapu kinateremka kwa kamba, natia vitu, kinapanda."

Nilikuwa napima utepe. Niliendelea kuupima, nikapita mahali pa kukata.

"Umemwona uso?"

"Vibao vya dirisha havifunguliwi. Nasikia sauti tu. Sauti ya mtu anayecheka kabla hajasema. Leo amelalamika kwamba mkate wa jana ulikuwa mkavu, nikamkaripie Frano."

Nyumba ile ilikuwa ya Deša, mke wa Orsat. Mimi na Deša tulikua pamoja. Nyonga zilipomharibikia akawa hashuki ngazi, na kwa miaka mingi kila aliyepita chini ya dirisha lake aliulizwa swali lile: unapanda au unashuka? Anayeshuka aliagizwa. Alifariki majira ya baridi ya mwaka wa juzi. Vifungo vya gauni alilozikwa nalo nilimfunga mimi, kwa sababu vilitoka dukani kwangu. Baadaye watoto waliiuza nyumba kwa kampuni moja ya kupangisha watalii, Orsat akachukuliwa na mwanawe ng'ambo ya bandari.

Sikumwambia Bogna neno. Nilimwambia anishikie duka, nikashuka kwa Frano.

"Yule mgeni wangu anaomba mkate gani?" nikamuuliza.

"Ulioungua. Nilidhani ndivyo wanavyokula kwao."

"Anasema anatumwa na Deša. Jina halijui, lakini maneno ni ya Deša."

Frano aliweka chini koleo lake la mbao. "Usiniambie mambo hayo na oveni iko wazi, Jele." Kisha, bila kunitazama, akasema kwamba hata yeye, tangu mwezi wa tisa, alikuwa akimsikia mwanamke akiita mtaani mchana watu wakipungua. Alidhani ni masikio yake ya uzee. Akaenda kuyasafisha kwa daktari, na bado akawa anasikia.

Kesho yake nilifuatana na Bogna. Tulisimama chini ya dirisha. Kundi la watalii lilipita likimfuata mtu aliyeinua mwavuli mwekundu, mtaa ukanyamaza. Kikapu kilikuwa tayari kinaning'inia, kile kile cha Deša, mshikio wake umezungushiwa utepe wa bluu niliompa mwenyewe. Sikusikia kitu. Lakini Bogna aliinua uso, akasikiliza, akatabasamu kama mtu anayesemeshwa.

"Nashuka, mama," akasema kwa sauti. "Na mboga? Haya."

Nimekaa na maiti wengi wa mtaa huu, sikuwahi kuwaogopa. Niliogopa kumwona mtu hai akijibu.

Bogna alipoleta vitu na kuvitia kikapuni, kamba ilivutwa. Kibao kimoja kilisogea upana wa kiganja na mkono ukachomoza kupokea. Mkono ulikuwa wa mwanamume, mkubwa, wenye madoa ya uzee.

"Twende juu," nikasema.

Kampuni ilibadilisha kufuli la mbele, ila nyuma kuna mlango wa ghala la kuni ambao wageni hawaujui. Ulikuwa umerudishwa tu. Tulipanda gizani tukishika ukuta. Mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa meza ya jikoni iliyoshindikana kupita mlangoni na sanduku la matunda lililogeuzwa. Juu ya sanduku alikaa Orsat, kofia kichwani, mkate mapajani.

Orsat alikuwa fundi mitambo wa meli. Mwaka mmoja kabla Deša hajafa alipasuliwa koo. Madaktari waliondoa uvimbe na sauti ikaenda pamoja nao. Ili aseme ilimlazimu kuziba kwa kidole tundu lililo chini ya skafu yake, na kilichotoka kilikuwa kama karatasi inayokunjwa. Mtu wa hivyo hawezi kumwita mpita njia kutoka ghorofa ya tatu.

"Mmechelewa," alisema. "Niliwatazamia wiki iliyopita."

"Mwanao anajua uko hapa?"

"Anajua niko bandarini, nacheza karata. Naja na basi la kwanza, jioni narudi."

Bogna alikuwa akichungulia chumba cha pili, halafu cha tatu. Akarudi, akasimama mbele ya Orsat.

"Mzee, yuko wapi yule mama anayeniita?"

Orsat alimgeukia. "Wewe unamsikia?"

"Kila siku. Hata sasa hivi, kabla hatujapanda."

Orsat akavua kofia. Akaweka kidole shingoni.

"Mimi, tangu afariki, simsikii. Nakuja kukaa hapa nipate hata neno moja, sipati. Kikapu nakiteremsha kwa sababu saa hii ndiyo tulikuwa tunakiteremsha. Siku ya kwanza kiliporudi na mkate nilidhani ni Jele ameniona, amenihurumia. Anasemaje?"

Bogna alipiga magoti mbele yake, kama walivyozoea wauguzi kwa watoto, akamweleza yote: miguu mizuri, unapanda au unashuka, mkate mkavu, Frano akaripiwe. Alieleza hata namna sauti inavyoanza na kicheko. Mabega ya Orsat yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka bila sauti, na machozi yanamtoka.

"Bado analalamika," alisema.

Hapo ndipo nilipoutazama ule mkate. Nilikula kwenye meza ile maisha yangu yote, na akili ilinijia polepole. Deša hakupenda ukingo ulioungua. Alikula sehemu laini, ukingo akamsukumia mumewe. Samaki wa chumvi hakuwagusa kabisa, harufu yake tu ilimkera.

"Orsat," nikasema, "haagizi vyake. Anaagiza vyako."

Alikumbatia mkate ule kwa mikono miwili.

Wiki ile Bogna alipanda kila siku na kumweleza alichoagizwa. Alijaribu kumuuliza Deša maswali ya Orsat, kama ana baridi, kama amemsamehe kuacha nyumba iuzwe. Hakupata jibu. Sauti ilitaja chakula tu, ikanyamaza. Na mimi niliyekuwa chini sikuwahi kusikia chochote, nikawa naona wivu, ambao ni upumbavu kwa mtu wa umri wangu.

Kisha mafundi wa kampuni wakaleta mifuko ya saruji mlangoni pa nyumba ya Deša. Bogna aliingia dukani, hakukaa.

"Wakianza kubomoa, mzee ataenda wapi mchana?"

"Kwa mwanawe."

"Mpe chumba changu. Mimi nitaomba nafasi kwa watawa hadi siku yangu ya kuondoka."

"Chumba hicho ndicho ninachokula, binti."

"Ana pensheni ya meli, atalipa. Au unapangisha kwa wageni tu, Shangazi?"

Hakusema kwa ukali. Lakini maneno yalinifuata hadi jioni. Mtu wa kutoka kaskazini, aliyekaa kwetu siku chache, ndiye aliyeniuliza kwa nini chumba cha kaka yangu hakina mtu wa mtaani kwetu.

Mwanawe Orsat alikuja kubishana. Ni kijana mzuri, hakuwa na ubaya. "Baba, kwangu una chumba chako, una lifti, una jua."

"Na kwenye lifti hakuna anayenijua," Orsat akasema. "Jele ananijua hata kwa mabaya."

"Kwa mabaya hasa," nikasema.

Akahamia, na Bogna akaenda kwa watawa hadi aliporudi kwao. Dirisha la chumba kile linatazamana na lake la zamani. Alivuta kiti akatazama wakibomoa ukuta wa jiko lake, wakikata meza kwa msumeno ili ipite mlangoni. Siku ile hakula. Siku ya pili alishuka dukani, akaanza kupanga vifungo, vibaya.

Msimamizi wa mafundi alikuja kununua uzi. Alizunguka zunguka, mwisho akauliza, "Mama, kuna nani mle ndani? Vijana wangu hawataki kubaki baada ya saa sita. Wanasema mwanamke anawauliza kama wamekula."

"Ni mwenye nyumba," nikamwambia. "Wamjibu kwa adabu."

Pasaka kisanduku cha namba kilipigiliwa ukutani mwa nyumba ya Deša. Bogna alirudi mwezi wa tano, begi begani, akafikia kwa watawa. Alikaa kwenye ngazi chini ya dirisha lile mchana kutwa, watu wakimruka. Hakusikia kitu. Jioni aliingia dukani macho mekundu, kama aliyefiwa, na huyo aliyemlilia hakuwahi kumwona.

"Ameondoka," alisema.

Orsat akamshika mkono. "Ameona nina mahali pa kula."

Huenda. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba majira ya baridi yaliyofuata, meli zilipokoma na mtaa ukawa mawe matupu, mimi niliyekuwa sisikii nilianza kusikia. Sio Deša. Alasiri moja nilikuwa nafagia ngazi, nikamsikia mama wa nyumba ya tano akimwita mwanawe aje anywe supu. Mama huyo alikufa mimi nikiwa msichana. Siku nyingine nilisikia nyundo ya fundi viatu nyuma ya mlango wenye kisanduku cha namba, na mtu akikohoa kikohozi ninachokijua. Hawanitishi kwa lolote, hawaniombi kitu. Wanaendelea na shughuli zao. Kinachonitia hofu ni kwamba siku nikiondoka mimi na Orsat na Frano, mgeni atamsikia mwanamke akiita, na hatakuwa na wa kumuuliza ni nani.

Nilimwambia Bogna hayo kwa simu. Akasema, "Nifundishe."

Sasa kila Jumapili baada ya misa anapiga simu. Tunakwenda mlango kwa mlango, kuanzia chini. Nasema nani aliishi, alikuwa na watoto gani, alipika nini, aligombana na nani. Anarudia majina kwa lafudhi yake ya ajabu, Orsat anaweka kidole shingoni na kumsahihisha. Jumapili iliyopita tulifika kwa fundi viatu. Nilidhani nimemaliza, Orsat akanigusa mkono: nilimsahau binti wa fundi, Pave, aliyekuwa akichechemea na kuimba.

"Pave," Bogna akarudia kule mbali. "Sauti yake ilikuwaje?"

Orsat alinitazama, akionyesha koo lake. Basi nikaweka simu karibu na mdomo, nikajaribu kuimba kama Pave.