Maneno ya Mwisho ya Rubani

Kila mwaka, baridi ya Julai ikishaanza kulegea, wafanyakazi wa shamba moja la chai upande wa Boito walikuwa wakikutana ukumbini Jumapili moja baada ya kanisa kuangalia filamu ileile. Ilikuwa filamu ya kale, ya miaka ya sitini, kuhusu rubani aliyetumwa peke yake kwenye nyota ya mbali, na mwanamke aliyebaki duniani ndani ya chumba cha redio akiongea naye. Kaseti yake iliachwa na meneja mmoja alipohamishwa. Hakuna aliyejua kwa nini watu waliipenda hivyo. Walikuwa wakiijua kama wanavyojua njia ya kwenda kisimani.

Janeffer hakuwahi kuikosa. Alikuwa mchumaji wa majani, mjane. Mumewe alifariki mapema, binti yao Chepkemboi akiwa bado anatambaa. Alikaa benchi la tatu, upande wa dirisha, na hakuwa mtu wa kusema mbele za watu.

Kiingereza cha filamu ile kilikuwa cha puani, wengi hawakukishika. Aliyewatafsiria alikuwa Joab Amolo, fundi wa mashine kiwandani, mtu wa kutoka ziwani. Alisimama kando ya televisheni, kofia mkononi, rubani akisema neno naye analimwaga kwa Kiswahili. Miaka ilivyokwenda, watu waliyakariri maneno yake kama nyimbo za kanisani.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na mbili na vurugu zake za kikabila. Joab hakuguswa, lakini mama yake alituma ujumbe mara tatu kwamba hatalala usingizi mpaka mwanawe arudi nyumbani. Mara ya tatu Joab alifunga sanduku lake akaenda. Kaseti ikabaki kabatini. Watu waliona aibu kuitoa, kama vile kula chakula cha mtu ambaye hayupo.

Ilitolewa mwaka wa tisini na saba, na aliyesababisha ni Syprose, nesi wa dispensari ya shamba. Alisema amechoka kuwatibu watu ambao hawacheki. Mwalimu Nicholas, kijana aliyekuwa akifundisha darasa la ngumbaru pale shambani, akakubali kutafsiri. Janeffer alikuwa mwanafunzi wake. Kwa miaka miwili tu alikuwa ameshajua kusoma na kuandika barua.

Ukumbi ulijaa. Chombo kilipopaa tu, Omwenga, mtu wa boila la mvuke kiwandani, akaanza mambo yake ya kila mwaka.

"Hiyo injini haina bomba la moshi," alisema. "Mimi niambieni moshi unatokea wapi."

"Omwenga, angalia sinema," Syprose akamwambia. "Mimi nashangaa huyu mtu. Miezi sita huko juu na ndevu hazioti."

"Ataotaje ndevu na anakula tembe? Mpe ugali uone."

Walicheka palepale walipokuwa wakicheka zamani. Rubani alipousogelea mlango wa nyuma, ule ambao nyuma yake kuna kitu kinachopumua, ukumbi mzima ukasema kwa sauti moja, "Usifungue." Akafungua, kama kawaida yake, na wakamlaumu, kama kawaida yao. Janeffer alicheka pia. Lakini kila mara alijikuta akitazama kando ya televisheni, na aliyesimama pale alikuwa Mwalimu Nicholas na shati lake jeupe.

Ikafika sehemu ya mwisho. Chombo kimeharibika, rubani ameshika redio, anaongea na yule mwanamke kabla sauti haijapotea. Wanawake wengine walikuwa wameshatoa leso.

"Anasema mafuta yamebaki asilimia kumi na moja," akatafsiri Nicholas. "Mtambo wa pili umezimika. Joto la ndani linashuka. Anarudia zile namba."

Watu wakageuka kumwangalia.

"Mwalimu, umeruka," Omwenga akasema.

"Sijaruka."

"Yale maneno ya asubuhi yako wapi?"

"Maneno gani ya asubuhi? Mtu anasoma mitambo."

Walimrudishia kaseti nyuma, akasikiliza sikio likiwa karibu na spika, akatafsiri tena. Mafuta, mtambo, joto. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa upole mwalimu alisomea wapi Kiingereza chake. Omwenga akasimama ili amfundishe, akaanza, "Siogopi giza," kisha akakwama. Akajaribu tena, akakwama palepale.

Ndipo Janeffer akasimama. Hata yeye hakujua anasimama. Alishika mgongo wa benchi la mbele na kusema polepole, kama alivyoyasikia:

"Siogopi giza. Naogopa kufa sijakuambia. Huku mbali na kwetu, sijui kumekucha mpaka nisikie sauti yako. Kila siku, ikipita chini ya dirisha langu, ndipo naamka…"

Hapo akanyamaza.

Watu walidhani amesahau. Hakuwa amesahau. Alikuwa amesikia, kwa mara ya kwanza, alichokuwa anakisema. Chombo cha rubani kinaelea kwenye anga tupu. Nani atapita chini ya dirisha lake? Lakini dirisha la karakana ya Joab lilikuwa juu ya njia ya kwenda shamba namba sita, na miaka yote ile wachumaji walipita pale alfajiri wakiimba, Janeffer akianzisha wimbo. Dirisha lilikuwa likifunguliwa. "Chamgei, Fundi," alikuwa akimsalimu, naye akiitikia Kikipsigis chake cha kujifunza, akikivunjavunja, wanawake wakicheka hadi kwenye mizani ya majani.

Na akakumbuka pia kwamba mwaka ule wa mwisho Joab hakuwa akiangalia televisheni alipotafsiri maneno yale. Aliangalia upande wa madirisha. Janeffer alidhani anapumzisha macho.

"Endelea, Mama Chepkemboi," Syprose akamwambia.

"Yameishia hapo," akasema, akakaa.

Anwani ya Joab alipewa na Omwenga, bila kuulizwa mengi. Aliandika barua mwenyewe, akachana kurasa tatu, ya nne ikabaki na mistari michache: kwamba hawajambo, kwamba Chepkemboi yuko kidato cha pili, kwamba mwalimu anasema rubani alikuwa anasoma namba tu. "Nataka kujua yale maneno yalikuwa ya nani."

Jibu lilifika Oktoba. Alilisomea nje ya posta, akiwa amesimama, kidole kikifuata kila neno.

"Yalikuwa yangu," Joab aliandika. "Mwanzoni nilitafsiri namba kama zilivyo, na watu wakasinzia. Nikaongeza neno moja, mwaka uliofuata lingine, mpaka nikaona nimesema yote. Wewe ulikuwa mjane wa watu na mimi mtu wa kuja, na siku zile unajua zilivyokuwa. Nilifikiri akisema rubani hakuna atakayekasirika. Nilingoja uniulize. Ulipokosa kuuliza nikajua umesikia na umekataa. Janeffer, nimeoa mwaka wa tisini na tano. Ni mtu mwema, na barua hii ameisoma kabla sijaifunga. Wasalimie Omwenga na Sista Syprose."

Aliisoma mara mbili. Hakuwa amekataa. Hilo tu ndilo alilotaka kulisema, na hapakuwa tena na mtu wa kumwambia, kwa kuwa kama angeliandika lingesomwa na mwanamke asiye na kosa, mezani kwake.

Aliwapelekea Omwenga na Syprose salamu zao. Walipouliza Joab amesema nini zaidi, akawaambia ameoa na yuko salama, wakafurahi, na Omwenga akasema fundi kama yule hawajampata tena. Jioni, Chepkemboi akiwa amerudi shuleni kwake bwenini na nyumba ikiwa kimya, Janeffer alikaa jikoni, sufuria mekoni ikichemsha maji mpaka yakakauka. Tangu amzike mumewe hakuwa amelia machozi. Sasa alilia, na hakuna aliyekufa.