Mukanda wa Virginie

Weye mwenye kusikiliza, ulisha kuona mukanda wa machine ukiruka katikati ya magurudumu mawili, kama kamba ya batoto bakicheza? Ndivyo ulivyofanya kwa Virginie, mujane wa Butembo, wakati wa vita ya pili ya Congo. Moulin yake ya kusaga mihogo ndiyo ililisha nyumba nzima. Asubuhi mukanda ulikimbia vizuri, umenyooka, unaimba polepole. Mangaribi ikifika, ulianza kutetemeka, kisha kupiga hewa, pa, pa, pa, mpaka unachomoka kwenye gurudumu.

"Mama Virginie, mukanda wako umekunywa pombe ya kasiksi?" wanawake walisema, wakijitwika mabeseni kwenda kusagisha kwenye moulin ya kule chini.

Kila mara aliitwa Kamate, fundi jirani. Alivuta motere nyuma mukanda ukaze, akafunga boulon zenye kuishika chini, akaenda na bakuli ya unga ya malipo. Hiyo bakuli ndiyo ilimuchoma Virginie rohoni.

"Kamate, motere yangu inatembea yenyewe?"

"Motere ikitetemeka, Mama, boulon nayo inalegea."

"Na inalegea tu saa ya bugali yako."

Kamate alicheka. Virginie hapana. Alikuwa ameshaamua kumufukuza.

Lakini siku moja Kamate akaenda Beni kutafuta mukanda mwingine. Siku hiyo Virginie alikaza boulon mwenyewe, akaegemea clé ya kukazia kwa kilo zake zote mpaka kiganja kikawa chekundu. Mangaribi mukanda ukaanza tena, pa, pa, pa. Akazima machine, akainama, akagusa boulon. Ikazunguka kwa vidole viwili.

Kamate yuko Beni. Ni nani, basi?

Akainua macho. Tamar, muke wa mutoto wake, alikuwa anafagia mahali penye pameshafagiwa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa graisse, mafuta ya machine.

"Ni wa moulin ya kule chini ndio wamekutuma?"

"Hapana mutu, Mama."

"Donc unataka tulale njaa, na Kamate nimemuzania mwizi bure."

Tamar aliegemeza ufagio ukutani, akapangusa vidole kwenye kitenge, polepole, kimoja kimoja.

"Nilitaka inyamaze mbele ya giza kuingia," akasema. "Kwetu Mbau moulin ilikuwa inalia mangaribi ile. Hatukusikia batu ba bunduki bakikuja. Mimi nilitaka kusikia tu, Mama."