Rangi ya Mlango wa Jikoni

Rangi ya buluu ilibanduka vipande vipande, ikajikunja kama maganda ya kitunguu na kudondoka kwenye gunia nililotandika uani. Chini yake ile kijani ya jeshi ikaanza kuchungulia, kavu, nzito, isiyocheka na mtu. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya tangi la pikipiki, kisu cha jikoni mkononi, jasho likinitiririka mpaka ndevuni, nikijiambia kwamba nafanya nilichoambiwa. Maisha yangu yote nimefanya nilichoambiwa.

Pikipiki ile waliileta Waingereza wakati wa vita. Walipofunga kambi yao wakamwachia baba mkwe wangu, aliyekuwa mpishi wao, naye siku aliyonipa binti yake akanisukumia na pikipiki. "Wote wawili wana kelele," alisema, "lakini watakufikisha." Ilikuwa chuma kitupu: pistoni moja nene kama mchi, springi kubwa imesimama mbele kifuani, viti viwili vya ngozi, kila kimoja peke yake. Haikutaka pupa. Kwanza unaibembeleza kabureta mpaka petroli ilowanishe kidole, kisha unarudisha nyuma kile kijiti cha usukani kinachochelewesha moto wa plagi, ndipo unapiga kiki. Ukisahau kijiti, inakurudishia teke, na teke lake halina adabu. Mke wangu hakuniamini na kijiti. Alikuwa akitangulia kukaa kiti cha nyuma, anapitisha mkono ubavuni mwangu, anakirudisha mwenyewe.

"Haya, piga," alisema kila mara.

Rangi ndiyo aliyoikataa tangu mwanzo. "Mimi sikuolewa na kikosi," aliniambia, akachukua buluu iliyobaki alipopaka mlango wa jikoni, akaipaka pikipiki yote, mpaka kofia ya taa. Mtaa mzima ulicheka. Wakaibatiza Mlango. "Mlango huo unapita!" watu walipiga kelele, naye anawapungia mkono kama mke wa waziri.

Alipougua nilimpeleka hospitali juu ya Mlango huohuo, nimemfunga kwa shuka kiunoni pangu asianguke. Wakasema mtungi wa hewa upo, ila ufunguo wa stoo anao mkubwa, na mkubwa yuko mkutanoni. Mkutano uliisha. Yeye pia aliisha. Walinipa pole kwa uso wa mtu anayekuambia hana chenji.

Tangu siku hiyo nilijua wakubwa hawangojwi. Ndiyo maana redio iliposema vyombo vyote vikuukuu vitaondolewa barabarani, sikungoja kufuatwa. Nilikwenda mwenyewe ofisini, nikainama mbele ya kidirisha.

"Ya mwaka gani hiyo, mzee?" aliuliza karani.

"Ya vita."

"Vita vipi?"

"Vile vya Waingereza."

Alicheka, si kwa ubaya. "Basi hiyo ni ya kale. Ya kale hatuigusi, mradi iwe katika hali yake ya asili. Umenielewa, mzee wangu?"

"Asili vipi?"

"Kama ilivyotoka kiwandani. Uilete uani kwetu ikaguliwe."

Kidirisha kikafungwa. Shule niliiacha mapema, lakini neno asili nalijua.

Binti yangu alirudi kutoka kazini akanikuta nimefika kwenye bawa la gurudumu la nyuma. Alisimama na mkoba wake begani.

"Baba, unafanya nini?"

"Serikali imesema."

"Serikali imesema ukwangue rangi ya mama?"

"Imesema asili."

"Si ungeuliza vizuri kwanza?"

"Nani anaulizwa huko, mwanangu? Ukiuliza wanakufungia dirisha puani."

Aliingia ndani na kuurudisha mlango polepole, na upole ule uliniuma kuliko kama angeubamiza. Mimi nilimaliza kazi. Nikapiga msasa, nikayachoma maganda pamoja na takataka, nikasugua kucha zangu kwa brashi nisiende kwa wakubwa na uchafu. Tangini palijitokeza namba nyeupe za jeshi, zimefifia. Nilizitazama nikaona nimelala miaka yote na mgeni uani.

Uani kwa serikali, mkaguzi aliizunguka pikipiki akichezesha funguo kidoleni.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Ruhusa gani, bwana mkubwa? Ni yangu, nimepewa na mkwe."

"Sisemi pikipiki. Nasema rangi. Hii ni rangi ya jeshi. Raia haruhusiwi."

"Lakini ndiyo ya asili."

"Ndiyo. Ni ya asili."

"Na karani kasema iwe ya asili."

"Kasema kweli."

"Sasa?"

"Sasa hairuhusiwi."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa akitania. Alikwisha kumwita mtu wa minyororo.

"Bwana mkubwa, juzi tu ilikuwa buluu."

"Ungeileta juzi."

"Buluu ingepita?"

"Buluu ina shida gani? Chombo cha kale kupakwa rangi si kosa. Tungeandika kimepakwa, basi." Akafunga kufuli, akaijaribu kwa kuivuta. "Njoo na kopo lako uipake hapahapa. Mwisho wa mwezi vyote vya uani vinakwenda kuyeyushwa."

"Rangi gani?"

"Yoyote, mzee. Nyeusi, nyekundu, hata ya waridi. Ila si hii."

Yoyote. Neno jepesi hilo kwa mtu asiyefiwa.

Nilitembea kwa miguu mpaka duka la rangi. Muuzaji akanitandazia kadi za buluu mezani, zimepangana kama meno. Hii ilikuwa ya sare za shule. Ile ya magari ya polisi. Nyingine ilipauka kama iliyokwisha kuosha vyombo.

"Yako ikoje, mzee?"

"Inacheka," nilisema, nikaona haya.

Hakunicheka. "Niletee kipande basi, hata kama ukucha. Mashine itaisoma, nitakuchanganyia ileile."

Nikaangalia kucha zangu. Zilikuwa safi kabisa.

Nyumbani nilimkuta binti yangu akimenya viazi. Nilimweleza yote: karani, mkaguzi, mnyororo, kadi. Nikawatukana wote, kuanzia mwenye funguo za uani hadi mwenye ufunguo wa stoo ya hospitali. Alinisikiliza mpaka matusi yakaniishia. Kisha nikachukua kisu mezani, nikausogelea mlango wa jikoni, ule wenye buluu ya mama yake.

Sikuwahi kuutazama mlango ule namna hiyo. Karibu na komeo rangi ilikuwa imelika, imeng'aa, mahali mke wangu alipozoea kusukuma kwa kiwiko mikono ikiwa imejaa vyombo. Chini ilikuwa nene, na tone moja limeganda likitiririka, pale alipochovya brashi kupita kiasi akaacha, kwa uvivu au kwa kicheko. Juu ulibaki unywele wa brashi, umenasa humohumo. Nilitafuta sehemu isiyo na yeye. Niliweka ncha ya kisu hapa, nikaiondoa. Nikaiweka pale. Jikoni hapakuwa na mkubwa yeyote wa kuniambia kwangua au acha.

"Baba," alisema binti yangu nyuma yangu.

Sikugeuka. Kisu kiligonga ubao taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Nikasikia kiti kikisogezwa. Mkono wake, wenye ubaridi wa maji ya viazi, ukapita ubavuni mwangu ukakishika kiganja changu juu ya mpini. Sikujua kama unanizuia au unanionyesha pa kukata. Tukasimama hivyo, na mimi nikangoja kuambiwa.