Mume wa Jumanne

Secilia alisimama kanisani wakati wa kutoa mahitaji ya maombi, tumbo lake bado dogo chini ya kitenge, akaliambia kanisa zima kwamba anaomba Mungu ampatie mume.

"Wa Jumanne tu," akaongeza, asije akaonekana mroho.

Watu wakatazamana. Maana mume Secilia alikuwa naye, tena si wa kutafuta kwa tochi: Mashimba, mzee wa kanisa, ameketi benchi la mbele na suti yake ya kahawia, shingo imemkakamaa kama fahali anayevutwa kamba. Mchungaji Celestini akajifanya anatafuta andiko. Akina mama waliinamisha vichwa huku mabega yakiwatikisika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaomba.

Chanzo cha yote alikuwa nesi Swabaha, mtoto wa wenye maduka wa Biharamulo mjini, aliyehamishiwa kwenye zahanati yao pale Nemba na ambaye hakuwa mtu wa mzaha. Kliniki ilikuwa kila Jumanne, na mjamzito anayeianza aje na mumewe, wapimwe wote wawili. Asiye na mume alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Wanawake walikuwa wamekwisha kuitafutia dawa amri hiyo. Lusahunga, pale malori ya Rusumo yanapopumzika, walikuwepo vijana wa bodaboda waliokubali kuwa waume kwa asubuhi moja. Inasemekana mmoja wao aliwahi kuwa baba wa mimba nne ndani ya mwezi mmoja, mpaka nesi akamuuliza kama awekewe kitanda pale pale.

Mashimba alikuwa na dawa yake mwenyewe.

"Kliniki ni mambo ya wanawake, Mama Shilinde. Nitamwambia mwenyekiti Bulugu akuandikie barua kwamba nimesafiri."

"Umesafiri kwenda wapi?"

"Aandike tu, nimesafiri."

"Kwenda zizini?"

Secilia aliikataa barua hiyo kwa kuwa ni uongo, na uongo ni dhambi. Kwamba mume wa kuazima ni uongo wenye miguu miwili na kofia, mahali hapo alikuwa bado hajapafikia katika Biblia yake.

Lakini utani wote huo ulikuwa umefunika kidonda. Baada ya Shilinde, mtoto wao wa kwanza, Secilia alibeba mimba nyingine, ikatimiza miezi yake, na mtoto akazaliwa kimya. Kwao, mtoto wa namna hiyo hana matanga. Wanawake wazee humzika upesi nyuma ya nyumba, wanaume hukaa mbali, na baada ya hapo hakuna anayemhesabu. Mashimba naye siku ile alikaa mbali, kama wazazi wao walivyofanya kule Shinyanga kabla hawajahamia huku, na jioni aliporudi aliuliza kama ndama wamenyweshwa maji. Swali lile Secilia hakulisamehe. Sasa alikuwa na mimba tena na alikuwa anaogopa, na hakutaka kuogopa peke yake mara ya pili. Hicho ndicho alichokuwa anakiomba kanisani. Ila kila kilichokuwa moyoni mwake, kikipita mdomoni kilitoka kichekesho, maana ndivyo Mungu alivyomuumba.

Kumbe maombi yana haraka. Kabla hata Secilia hajakaa, mzee Ndassa alisimama nyuma kabisa. Alikuwa mgane wa miaka mingi, na meno yake yaliyobaki yalikuwa hayaonani.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema. "Mimi Jumanne sina kazi."

Kanisa likapasuka kwa kicheko, na hata mchungaji akaliacha lile andiko.

Mashimba alinuna Jumapili, akanuna Jumatatu. Jumanne asubuhi aliwatoa ng'ombe mapema kuliko kawaida, akapita mbele ya mkewe bila kumtazama. Secilia alimwangalia mpaka akapotea nyuma ya migomba. Akavaa viatu.

Ndassa alikuwa anamsubiri njiani, amevaa koti na kofia, amejipaka mafuta mpaka masikio yanang'aa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Lakini leo usiniite babu, nesi atasikia. Niite Baba Shilinde."

Nesi Swabaha alimtazama huyo Baba Shilinde kuanzia kofia mpaka kandambili. Kabla hajasema neno, mlango ukasukumwa, akaingia Mashimba na gambuti zenye kinyesi cha ng'ombe, fimbo mkononi, anahema.

"Ondoka hapo, mzee."

"Niondoke niende wapi? Mimi nimeombewa na kanisa zima!"

"Mume hapa ni nani?" nesi akauliza.

"Mimi," wakajibu wote wawili.

Nesi akavuta kiti, akakaa vizuri. Ilionekana wazi kwamba kazi ilikuwa imeanza kumpendeza.

"Mama, wewe nyamaza. Nitauliza mimi, na asiyejua anatoka. Mama yake mzazi huyu dada anaitwa nani?"

"Kwandu!" akadakia Ndassa, aliyekuwa mshenga wa ndoa ile.

Mashimba alifungua mdomo, akaufunga. Mkwe hatajwi jina, na mkwe wa kike ndiyo kabisa. Msukuma aliyelelewa angekubali kung'olewa jino kuliko kulitamka. Secilia aliuma mdomo asicheke. Mume wa kweli alikuwa amefeli kwa sababu ni mume wa kweli.

"Moja kwa babu," alisema nesi. "Hii ni mimba ya ngapi?"

"Ya pili," Ndassa akajibu upesi. "Wa kwanza ni Shilinde, yuko shule."

Kijiji kizima kingejibu hivyo. Mashimba alikuwa anatazama gambuti zake.

"Ya tatu," alisema.

"Ya pili, bwana, mbona..."

"Ya tatu, mzee. Katikati kuna wa kike."

Nesi akaweka kalamu chini. "Ulimwona?"

"Nilijificha kwenye migomba. Wale bibi walipoondoka nikaenda. Walikuwa wamechimba kifupi, mbwa wangemfukua. Nikachimba upya. Nikamfunika na shati langu, nikamwita Christina."

Secilia alimpiga mumewe begani kwa mkoba, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili hakujua kwa nini, kisha akalia kwa sauti bila kujali nani yuko nje kwenye foleni.

"Miaka miwili, Baba Shilinde! Miaka miwili unanitazama tu?"

"Nilidhani nikimtaja nitakuumiza."

Ndassa alivua kofia. "Basi mimi nimeachika," alisema taratibu, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.

Secilia akajifuta uso kwa kitenge, akasogea kwenye benchi. Mashimba akakaa, fimbo katikati ya magoti, halafu akaanza kuuliza. Huyu wa sasa anaendeleaje? Anacheza? Na ikitokea dalili mbaya, waje hapa au waende moja kwa moja hospitali? Na gari, litapatikana wapi? Nesi alipomwambia angoje kwanza mama apimwe, akangoja kidogo, kisha akauliza upya yote, na sauti ilikuwa inamtetemeka.

Secilia akamwachia aulize. Tangu apate mimba ile, ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu mwingine akiogopa pamoja naye.