Mtandao Uliishia Barazani

Kaka yangu Bashiru, Mungu amrehemu, alipenda vitu vipya, na kitu chake kipya cha mwisho kilikuwa simu. Aliichukua Masoko, mjini ng'ambo, kwa mkataba: kampuni inakupa simu ya kisasa na laini yao, wewe unalipia kifurushi kila mwezi mpaka mkataba uishe, na muda wote huo simu haikubali laini ya kampuni nyingine. Kwa kuwa kitambulisho chake kilikuwa kimepotea, aliiandikisha kwa jina la mkewe, wifi yangu Kazija. Akavuka nayo hadi kwetu Kisiwani, akakaa kwenye baraza ya nyumba yake, akaiwasha, mtandao ukajaa. Akatuita tuione. Hakuna aliyefikiria kuingia nayo ndani, na nani angefikiria? Bashiru alikuwa mtu wa barazani. Ndani aliingia kula na kulala tu.

Miezi michache baadaye akaugua. Alipokuwa kitandani, mama yake Kazija, aliyeko Somanga, akapiga simu. Naye alikuwa mgonjwa, presha imempanda, akamtaka binti yake aende walau kwa wiki. Kazija alikuwa hajalala siku nyingi, mikono imejaa dawa na mabeseni. Nilikuwepo barazani alipoipokea, nikamsikia akijibu: "Mama, kwani umenizaa mimi peke yangu?"

Yule mama akakata simu.

Neno likishatoka kinywani halirudi. Kazija alijua hivyo kabla hata hajaiweka simu chini, nikaona uso wake. Lakini mgonjwa alikuwa anaita kutoka ndani, na kazi ilikuwa kazi. Akasema Bashiru akipata nafuu ataongea na mama yake. Bashiru hakupata nafuu.

Tukamzika, na Kazija akaingia eda. Kwetu mjane wa eda anakaa ndani. Hatoki barazani, haonani na wanaume wasio maharimu wake, hata sauti yake huishusha. Na Kazija si mtu wa kufanya mambo nusu nusu. Mama yake hakuja mazishini kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, na Kazija hakuweza kwenda Somanga. Zilibaki simu tu, na ndipo tulipojua kwamba mkataba wa marehemu uliishia mlangoni. Kuta za nyumba ile ni za mawe na chokaa, nene kama za ngome. Mnara uko ng'ambo, Masoko. Barazani simu inaongea vizuri kabisa. Ukivuka kizingiti inakata, ukifika chumbani ni kioo cha kujitazamia.

Basi simu ikawa inakaa barazani na mdogo wangu Bakari. Mama yake Kazija akipiga, Bakari anapokea: "Hajambo, mama, anakusalimu." Mama anasema, "Nipe mwenyewe." Bakari anainuka mbio, anaipitisha mlangoni, na Kazija anaipokea ikiwa imeshakufa mkononi. Ikawa hivyo mara kwa mara. Sasa jiweke mahali pa yule mama. Mwanao alikujibu vibaya, na kila ukimtafuta unapokelewa na shemeji yake, ukitaka kuongea naye simu inakatika. Ungefikiri nini?

Najua unachotaka kuuliza. Simu nyingine hazikuwepo? Zilikuwepo. Ya Bakari ilikuwa ya kampuni nyingine na ilishika mpaka jikoni. Kazija aliiazima mara moja. Lakini spika ya simu ile imeharibika, inapiga kelele, mtu wa nje anasikia kila kitu, na Bakari mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya pazia akiingojea. Kazija akasema, "Shikamoo, mama." Mama akasema, "Marahaba." Kisha wakaulizana hali kama watu waliokutana gatini. Aliporudisha simu alilia.

"Wifi," akaniambia, "mimi nataka kumwomba mama radhi. Maneno hayo si ya simu ya kuazima."

Nikamwambia atoke barazani alfajiri, watu wakiwa wamelala. Akaniambia, "Mungu halali." Nikaudhika. Nilimpenda, lakini kichwa chake kilikuwa kigumu kama nazi ya mbegu.

Bakari akaenda Masoko kwenye ofisi ya kampuni. Huko wakamwambia mkataba una kifungu chake: ikithibitika kwamba mtandao haufiki nyumbani kwa mteja, mkataba unavunjwa bila faini na simu inafunguliwa iingie laini yoyote. Fundi atakuja kupima. Tukafurahi sana. Kazija aliniambia siku ile amepanga hata neno la kuanzia.

Fundi akaja, kijana wa kutoka bara, jina lake Cletus, mwenye adabu zake, viatu kavivua hata kabla hajafika kwenye baraza. Na sisi tukafanya kile ambacho watu wa pwani wanafanya mgeni akija. Tukamkaribisha. Bakari akatandika mkeka mpya barazani, mimi nikaleta chai ya tangawizi na vitumbua, akakalishwa mahali pazuri, penye upepo, palepale alipokuwa anakaa marehemu. Akatoa kifaa chake.

"Naomba niingie ndani nipime," akasema.

Bakari akashtuka. "Ndani haingii mtu, ndugu yangu. Mna mjane yuko eda."

"Samahani sana, kaka, sikujua," Cletus akasema, na aliona haya kweli. "Basi nitapima hapahapa."

Akapima. Mtandao ukajaa. Akaupiga picha, akanywa chai yake, akashukuru, akaenda zake gatini. Na sisi, watu wazima wenye akili zetu, tukamshukuru pia. Tena Bakari akamfungia vitumbua vya njiani.

Nilipoingia ndani nikamkuta Kazija amesimama nyuma ya mlango, mkono juu ya mdomo. Alikuwa amesikia yote. "Kapima barazani," akasema. Nikamuuliza kwa nini hakuita. "Nimwite vipi, wifi? Mwanamume wa watu!" Mashua ya fundi ilikuwa imeshaondoka.

Majibu yakaja kwa ujumbe, uliosomwa barazani: mtandao upo wa kutosha, ombi limekataliwa. Bakari aliporudi ofisini akaambiwa malalamiko yakishafungwa, mteja asubiri mwezi ndipo alete mengine. Tukasubiri. Watu wa kusubiri ndio sisi. Kazija angeweza kuazima simu tena na kusema kwa kelele mbele ya dunia nzima, lakini alishajiwekea kwamba ataongea na mama yake kwa simu yake, amekaa kitandani, mlango umefungwa. Nami sikumlazimisha. Dini ina ruhusa zake kwa dharura, wala maalimu wetu asingemzuia hata kusafiri. Lakini dharura haikujitangaza. Tulidhani ni mama aliyenuna tu, na mama aliyenuna hungoja.

Mwezi ulipokwisha nikavuka mwenyewe, maana Bakari ni mpole kupita kiasi. Nikasimama katikati ya ofisi ile nikasema nisiyoweza kuyarudia hapa. Cletus akatoka chumba cha nyuma, akanitambua, akanisalimu kwa heshima.

"Mama, lakini siku ile mngeniambia," akasema. "Tunaye binti hapa anayefanya kazi hiihii. Ningekuja naye akaingia yeye."

Nilikuwa nimekuja kugomba, nikajikuta namtazama huyo binti. Binti alikuwepo siku zote, ameketi pale dirishani. Hatukuuliza, kwa sababu kwetu mgeni hatumpangii namna ya kufanya kazi yake.

Siku iliyofuata asubuhi wakaja wote wawili. Cletus akabaki barazani na chai yake, binti akaingia chumbani na kifaa. Hakuna mtandao hata chembe. Akachukua alama za vidole vya Kazija palepale kitandani, mkataba ukavunjwa, simu ikafunguliwa. Nikatia laini mpya, ya kampuni ile anayotumia Bakari. Mtandao ukajaa chumbani. Kazija alinishika mkono akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Binti alipoondoka nikataka kutoka nimwachie faragha yake, lakini hakuniachia mkono.

Akapiga Somanga. Aliyepokea ni Siti, mdogo wake wa mwisho anayekaa na mama. Sauti ilikuja safi hata nilisikia kuku wa uwani kwao.

"Da Kazija!" Siti akasema aliposikia sauti. "Nimekutafuta tangu asubuhi kwa ile namba yako, haipatikani. Mama kaanguka jana usiku. Upande mmoja umelala. Hasemi, dada. Daktari kasema ulimi umeshikwa."

Kazija hakupiga kelele. Akauliza, "Anasikia?"

"Anasikia. Ukimwita anageuza macho."

"Muwekee simu sikioni."

Tukasikia simu ikisogezwa, kisha pumzi, nzito, moja moja, karibu kabisa. Kazija akasema yote. Lile neno la kuanzia alilolipanga hakulitumia. Alisema kama mtoto: mama nilikuwa nimechoka, mama sikukusudia, mama simu ilikuwa haishiki ndani, si kwamba nilikukataa, mama nipe radhi yako. Akangoja. Upande wa pili ilikuwa pumzi tu.

Siti akaichukua simu. "Dada, amekusikia. Machozi yanamtoka."

"Machozi ya nini, Siti?" Kazija akauliza. "Ya radhi, au ya uchungu?"

Mtandao haukukatika.

"Sijui, dada," Siti akasema. "Mimi namwona analia tu."