Kikohozi cha Gari la Kalisa

Kati ya Kamembe na Gashonga hakikubaki kilima ambacho hakijawahi kumwona Muderhwa amesimama kando ya barabara, boneti juu, mikono kiunoni, akiliangalia gari lake kama anayesubiri liombe radhi.

Lilikuwa gari la zamani, jeupe, lenye nafasi ya mizigo nyuma. Alilinunua kwa rafiki yake Kalisa, muuguzi mstaafu wa Mibirizi, aliyelitunza kama yai kwa miaka kumi na minane mpaka macho yake yalipoanza kukataa barabara. Muderhwa alikuwa mtu wa Bukavu aliyehamia Kamembe na kuuza unga wa muhogo pande zote mbili za mpaka. Alihitaji gari, na Kalisa hakutaka kumpa mtu baki. Wakakubaliana bila kelele.

Wiki tatu za kwanza mambo yalikuwa sawa. Kisha gari likaanza kukohoa. Asubuhi liliwaka kwa mguso mmoja na kukimbia vizuri. Baada ya robo saa hivi, hasa penye mlima, likaanza kusita. Ukikanyaga mafuta lilijikusanya kama mtu anayetaka kupiga chafya, na chafya yenyewe haiji. Mwishowe lilizima. Ukikaa kando ukala ndizi mbili, lilikubali kuwaka, likaenda kidogo, likarudia yaleyale.

Fundi wa kwanza alibadilisha filta ya mafuta. Wa pili aliifungua kabureta akaisafisha mpaka ikang'aa. Wa tatu alifunga pampu mpya. Kila mmoja alilijaribu gari kwa kulizungusha soko la Kamembe mara moja, likaenda kwa adabu zote, akapeana mkono na Muderhwa. Kesho yake, mlimani, kikohozi kilimngoja palepale.

Sasa, Muderhwa alikuwa na mdomo mwepesi. Siku moja alifika soko la Gashonga saa sita, wateja wameshajinunulia unga kwa wengine, na jasho linamtiririka. Mtu akamuuliza kulikoni. Akajibu kwa sauti ya kusikika soko zima: "Kalisa aliniuzisha jeneza ya magurudumu."

Watu walicheka sana. Maneno nayo hayahitaji gari. Kabla ya jua kushuka yalikuwa yameshamfikia Kalisa. Tangu siku hiyo, miezi miwili, wawili hao hawakusalimiana.

"Papa," mkewe Nzigire alimwambia asubuhi moja, "unatafuta fundi ao unatafuta muntu wa kulaumu? Kama ni fundi, enda kwa Nasiba."

Nasiba alirithi karakana ya baba yake nyuma ya msikiti. Alitengeneza mashine za kusaga, pampu za maji na magari yaliyokatiwa tamaa. Muderhwa alipofika na kuanza kufungua boneti, Nasiba alimwambia aiache.

"Kwanza uniambie," alisema. "Inakohoa ikiwa imetembea muda gani?"

"Robo saa. Wakati mwingine dakika makumi mbili."

"Na ukitoka kuweka esansi kwa tangi?"

Muderhwa alitaka kujibu haraka, akasita. Hakuwahi kulifikiria hilo. "Ukitoka kuweka esansi, iko naenda muzuri," alisema polepole. "Hata ku mulima. Nilizania inapenda tumbo yenye kujaa."

Nasiba alichukua kitambaa na mfuko wa vifaa vyake, akaingia upande wa abiria. "Twende ile barabara inakusumbua."

Barabara iliyomsumbua kuliko zote ilikuwa ya Mibirizi. Muderhwa alishika usukani shingo upande, akiomba gari life mapema, mbali na nyumba ya mtu fulani. Halikumsikia. Lilikwenda vizuri, likapita migomba na watu waliobeba mihogo, na Nasiba akaangalia saa yake mara mbili. Mwanzoni mwa kilima cha Kalisa likaanza kujikusanya. Katikati likazima.

"Usiwashe," Nasiba alisema. "Nipe ufunguo ya tangi."

Muderhwa alimpa kwa fahari kidogo. Kile kifuniko cha tangi alikichagua mwenyewe Bukavu, baada ya wezi kumnyonyea petroli usiku mmoja. Kilikuwa kizito, kinang'aa, kina ufunguo wake, na mpira mnene ndani ambao haukuruhusu hata harufu kutoka.

Nasiba alikizungusha. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, ndefu, kama mtu aliyezamishwa majini akaachiliwa.

"Washa sasa."

Gari likawaka, likapanda hatua mia mbili bila hata kuguna.

"Ni ile kifuniko?" Muderhwa aliuliza.

"Mara moja inaweza kuwa bahati," Nasiba alisema. Alikifunga kwa ufunguo, wakazunguka njia ya misheni, na baada ya dakika kumi na nane kikohozi kikarudi. Akafungua, fyuuu, likapona. Mara ya tatu aliziba tangi kwa kitambaa tu, wakaenda nusu saa nzima bila tatizo, wakarudi palepale kilimani. Ndipo alipokubali.

"Ukitoboa kopo ya mafuta tundu moja, mafuta inatoka kwa shida," alimweleza. "Ukitoboa ya pili, inatiririka, kwa sababu hewa inaingia. Pampu yako inavuta, lakini hii kifuniko inakataza hewa. Tangi inabaki inanyonya kinyume. Ile ya zamani ilikuwa na katundu ka hewa."

Kumbe gari halikuwa na kosa, wala aliyeliuza. Ugonjwa wote Muderhwa aliununua kwa hiari yake, akaufungia kwa ufunguo. Nasiba alikaa kwenye nyasi na kuchonga mfereji mwembamba kwenye ule mpira. "Itakufikisha nyumbani. Kisha utafute ya kweli ya gari hii."

Hapo ndipo Kalisa aliposhuka kutoka shamba lake la maharage, jembe begani. Mlio wa gari lile angeutambua usingizini, na lilikuwa limepita hapo mara tatu.

"Jeneza imefika," alisema.

Muderhwa alimweleza yote bila kujipunguzia: kifuniko, mpira, mafundi watatu. "Gari yako ilikuwa nzima, Mzee. Mimi ndiye niliinyonga. Unisamehe."

Kalisa alimsikiliza hadi mwisho. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini uliyasema sokoni. Hapa tuko watatu."

Siku ya soko iliyofuata, Muderhwa alipanda juu ya magunia yake Gashonga na kutangaza habari ya kifuniko. Walicheka kuliko mara ya kwanza. Mama mmoja muuza ndizi alimwomba aufanye tena ule mlio wa tangi, naye akaufanya, mara mbili. Kalisa, aliyekuwa amesimama pembeni na kofia yake ya kutokea, alicheka mpaka akajishika kwenye nguzo.

Jioni Muderhwa alimrudisha nyumbani. Penye kilima Kalisa alianza kuhangaika kitini.

"Punguza gia," alisema. "Sasa. Hapa. Hii gari haipendi kulazimishwa."

Muderhwa akapunguza gia.